Wenza pasipo na kinyume: mwongozo wa nusukundi kwa aliyezoea makundi

Aliyesoma aljebra ya makundi chuoni anaijua fomula hii hata usingizini: memba a na b wa kundi ni wenza endapo yupo memba g ambaye g⁻¹ag = b. Yaani a na b wanafanya kazi ileile, ila wametazamwa kutoka pembe mbili, na g ndiye anayekuhamisha kutoka pembe moja hadi nyingine. Uhusiano huu hauna matata. Kila memba ni mwenza wa nafsi yake, uwenza unakwenda pande zote mbili, na mwenza wa mwenza wako ni mwenza wako pia. Kundi zima hugawanyika katika mafungu, na kundi likiwa na kikomo, idadi ya mafungu hayo ndiyo idadi ya karakta zake zisizogawanyika. Sehemu kubwa ya nadharia ya makundi imesimama juu ya hesabu hiyo.

Nusukundi ina sharti moja tu: ukizidisha watu watatu, mabano hayana neno, (ab)c = a(bc). Haikuahidi kinyume, wala memba wa kufanya kazi ya 1. Kwa hiyo fomula yetu inakwama mwanzoni kabisa, penye g⁻¹. Ufanyeje? Wataalamu wametoa majibu mengi, na ukifungua makala zao utakutana na alama ya uwenza imevishwa herufi ndogo za kila aina, kila herufi na tafsiri yake. Usianze huko. Chukua karatasi na kalamu tuanze na mambo yanayohesabika kwa mkono. Nachukulia kwamba unajua kundi ni nini na umewahi kuichezea ile mipangilio sita ya namba tatu.

Tukubaliane kwanza juu ya kuandika. Humu uv maana yake tenda u, halafu v. Vitabu vingine vinasoma kutoka kulia, na nusu ya makosa ya wanafunzi katika somo hili inatoka hapo tu.

Iondoe alama ya kinyume

Rudi kwenye kundi dakika moja. Sharti g⁻¹ag = b unaweza kulisema kwa namna nyingine mbili bila kuandika kinyume popote. Zidisha pande zote kwa g upande wa kushoto, upate ag = gb. Hiyo ni namna moja; tuiite uwenza wa kusawazisha. Au weka u = g na v = g⁻¹a. Sasa uv = a, na vu = g⁻¹ag = b. Kumbe a na b ni zao la watu walewale wawili, ila wamebadilishana nafasi: a = uv, b = vu. Huo tuuite uwenza wa kugeuza. Na ukianzia huku unarudi salama, kwa sababu katika kundi u⁻¹(uv)u = vu.

Ndani ya kundi namna zote tatu zinasema jambo moja. Katika nusukundi ile ya kwanza haisemeki, na hizi mbili zilizobaki zinaachana njia. Ushauri wangu ni kuanza na uwenza wa kugeuza, ambao Gérard Lallement aliutumia katika kitabu chake cha nusukundi cha 1979. Unapochagua u na v, ruhusu mmoja wao awe 1, hata kama nusukundi yako haina 1 ya kwake. Bila ruhusa hiyo memba asiyegawanyika hatakuwa mwenza hata wa nafsi yake.

Kila ukikutana na tafsiri mpya ya uwenza, swali la kwanza liwe hili: nikiiingiza ndani ya kundi, inanirudishia uwenza ule wa zamani? Isipofanya hivyo, itupe. Swali la pili nitalileta mbele kidogo, penye sifuri.

Maneno

Nusukundi rahisi kuliko zote ni ya maneno. Una alfabeti, memba ni mfuatano wowote wa herufi, uwe na maana au usiwe nayo, na kuzidisha ni kubandika neno moja nyuma ya jingine. Hapa hakuna kinyume kabisa: ukishabandika herufi, huna neno la kuzidisha ili ziondoke.

Chukua u = ka, v = ta. Basi uv = kata na vu = taka; kata na taka ni wenza. Vivyo hivyo lima na mali. Liunge neno mwisho kwa mwanzo liwe duara, kama shanga kwenye uzi, na wenza wake wote ni majibu unayopata kwa kuukata uzi mahali tofauti: kata, atak, taka, akat. Wanne, hawaongezeki.

Sasa jaribu uwenza wa kusawazisha kwa maneno hayohayo. Tunatafuta g ambaye kata·g = g·taka. Jaribu g = ka: upande wa kushoto ni kata+ka = kataka, upande wa kulia ni ka+taka = kataka. Imekubali. Jaribu g = kataka: kata+kataka na kataka+taka zote ni katakataka. Roger Lyndon na Marcel-Paul Schützenberger walionyesha katika makala ya 1962 kwamba majibu yote yana umbo hilo: ukiwa na a = uv na b = vu, g ni a aliyerudiwa mara kadhaa, au asirudiwe kabisa, kisha u akabandikwa mwishoni. Kwa hiyo kwenye maneno tafsiri zetu mbili bado zinakubaliana, na uwenza bado unagawa maneno katika mafungu safi.

Jambo moja la kuangalia unapohesabu. Polepole ina herufi nane, lakini fungu lake lina maneno manne tu: polepole, olepolep, lepolepo, epolepol. Ukiendelea kuzungusha unarudi ulikotoka, kwa sababu neno lenyewe ni pole mara mbili. Harakaharaka ina sita. Ukubwa wa fungu ni urefu wa shina linalorudiwa, na Kiswahili chetu cha kurudufu maneno kinakupa mifano ya bure hadi uchoke.

Vitendo 27 juu ya namba tatu

Maneno yanakupa picha nzuri mno. Ukiishia hapo utadhani mambo yamekwisha. Hamia kwenye nusukundi yenye kikomo. Chukua namba 1, 2, 3 na vitendo vyote vinavyoipeleka kila namba mahali fulani ndani ya hizohizo tatu. Viko 27. Nitaandika [1,1,2] kwa kitendo kinachopeleka 1 kwa 1, 2 kwa 1, na 3 kwa 2. Sita kati ya hivyo ni mipangilio ile unayoijua, yenye kinyume. Ishirini na moja havina.

Chora kila kitendo kwa mishale. Utaona maumbo saba tu:

– kila namba inajielekea yenyewe: kitendo 1;
– mbili zinabadilishana, ya tatu inajielekea: 3;
– mzunguko wa namba tatu: 2;
– mbili zinabadilishana, ya tatu inaelekea kwa mojawapo: 6;
– mbili zinajielekea, ya tatu inaelekea kwa mojawapo: 6;
– zote zinaelekea kwa namba moja: 3;
– mlolongo, kama 3 kwenda 2, 2 kwenda 1, 1 ikabaki hapo: 6.

Jumlisha: 27. Ukiwa mkali na kudai kwamba g lazima awe mmoja wa wale sita wenye kinyume, fomula ya zamani inafanya kazi, na mafungu yako ni haya maumbo saba. Ni tafsiri halali na ina matumizi yake, lakini inakosa kitu. Inategemea wale sita peke yao, na ziko nusukundi nyingi zisizo na memba hata mmoja mwenye kinyume. Hapo hutakuwa na la kusema.

Basi tumia uwenza wa kugeuza. Weka u = [1,1,2] na v = [1,2,1]. Fuata kila namba taratibu. Kwa uv: 1 inakwenda 1 kisha 1, 2 inakwenda 1 kisha 1, 3 inakwenda 2 kisha 2. Jibu ni [1,1,2]. Kwa vu: 1 inakwenda 1 kisha 1; 2 inakwenda 2 kisha 1; 3 inakwenda 1 kisha 1. Jibu ni [1,1,1].

Tazama kilichotokea. Mlolongo [1,1,2], wenye matokeo mawili, ni mwenza wa [1,1,1], wenye tokeo moja! Katika kundi la mipangilio jambo kama hili haliwezekani, maana wenza hufanana kwa kila kitu isipokuwa majina ya namba. Hapa kimoja kimepoteza mkia wake njiani.

Kilichosalia ni mizunguko. Namba x ikiwa kwenye mzunguko wa uv, basi xu iko kwenye mzunguko wa vu wenye urefu uleule. Geuza hoja utarudi kwa v. Kwa hiyo uwenza wa kugeuza haugusi mizunguko kamwe, ila mikia inaweza kukatwa au kurefushwa. Mlolongo na kitendo cha kupeleka wote kwa mmoja vyote viwili vina mzunguko mmoja tu, wa namba moja inayojielekea, basi vinaingia fungu moja lenye vitendo 9. Mafungu saba yanakuwa sita, yenye ukubwa wa 1, 3, 2, 6, 6 na 9.

Mwenza wa mwenza

Kwenye namba tatu hukupata usumbufu. Ongeza namba ya nne. Chukua mlolongo mrefu a = [1,1,2,3]. Weka u = a na v = [1,2,3,1]. Utapata uv = a, na vu = [1,1,2,1]; kiite b. Kisha chukua u = b na v = [1,2,1,1]: uv = b, na vu = [1,1,1,1]; kiite c. Kwa hiyo a ni mwenza wa b, na b ni mwenza wa c.

Je, a ni mwenza wa c? Jaribu kudhani ndiyo: a = uv na c = vu. Basi aa = uvuv = u(vu)v = ucv. Katikati yupo c anayewapeleka wote kwa 1, kwa hiyo ucv itawapeleka wote mahali pamoja. Lakini aa ni [1,1,1,2], na namba 4 imekwenda kwake peke yake. Haiwezekani. Mwenza wa mwenza si lazima awe mwenza.

Dawa yake ni ya wazi: hesabu a na c kuwa fungu moja kila unapoweza kutoka kwa a hadi kwa c kwa hatua kadhaa za kugeuza. Uwenza wa mnyororo, basi. Wapo wasioipenda dawa hii kwa kuwa urefu wa mnyororo unafichwa. Mimi naona unaeleza kitu, maana kila hatua ya kugeuza inaweza kuukata mkia kwa hatua moja tu. Anayetaka kujua mkia ulikuwa mrefu kiasi gani ahesabu viungo vya mnyororo.

Sifuri inavyoharibu

Sasa swali la pili la kuiuliza kila tafsiri: inafanya nini nusukundi ikiwa na sifuri, yaani memba 0 ambaye akizidishwa na yeyote jibu ni 0?

Uwenza wa kusawazisha unaanguka papo hapo. Unatafuta g ambaye ag = gb. Weka g = 0. Pande zote mbili ni 0, na kila mtu amekuwa mwenza wa kila mtu. Friedrich Otto alipoutumia uwenza huu mwaka 1984 alidai usawazishaji wa pande zote mbili, ag = gb na bh = ha, na kwa nusukundi alizokuwa akizishughulikia ilitosha; lakini sifuri inaziba pande zote mbili kwa mpigo.

Chukua kundi lolote ulipendalo, liongezee sifuri. Hujaharibu chochote ndani ya kundi lenyewe. Hata hivyo uwenza wa kusawazisha unakupa fungu moja tu. Uwenza wa kugeuza unakupa mafungu yaleyale ya kundi, pamoja na fungu moja jipya lenye 0 peke yake, kwa sababu uv inakuwa 0 pale tu u au v akiwa 0. Kwa jaribio hili peke yake mimi humwambia anayeanza aachane na kusawazisha mpaka awe na sababu maalumu.

João Araújo, Janusz Konieczny na António Malheiro walijaribu mwaka 2014 kuokoa usawazishaji kwa kubana g achaguliwe kutoka seti maalumu isiyomruhusu kufuta a ovyo. Konieczny akaja tena mwaka 2018 na masharti manne yasiyo na seti ya pembeni: ag = gb, bh = ha, hag = b na gbh = a. Jaribu kuweka g = 0 hapo: hag inakuwa 0, basi b ni 0, na gbh inakuwa 0, basi a ni 0. Sifuri imebaki na nafsi yake. Masharti hayo ni makali kuliko kugeuza. Weka u = g na v = bh: uv ni gbh, yaani a; na vu ni bhg, ambayo kwa kuwa bh = ha ni hag, yaani b. Kila wenza wa Konieczny ni wenza wa kugeuza.

Kwenye vitendo vyetu 27 tafsiri ya Konieczny inakurudishia maumbo saba. Usikimbilie kusema basi ni sawa na ile ya kumtaka g awe na kinyume. Kwenye namba nne chukua [1,2,1,1] na [1,2,1,2]. Cha kwanza kimewakusanya watatu mahali pamoja na mmoja peke yake. Cha pili kimewagawa wawili wawili. Hakuna mpangilio utakaobadilisha kimoja kuwa kingine, lakini kwa masharti manne ni wenza. Tafuta g na h mwenyewe; jibu rahisi ni kuchukua g = [1,2,1,1] na h = [1,2,1,2], yaani vitendo vyenyewe.

Makundi yamejificha ndani

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kundi liko nje na nusukundi imekuja kulikopa wazo. Mambo yaliyo ndani ni matamu zaidi.

Tafuta memba e ambaye ee = e. Huyo ni idempotenti. Kumzunguka e kuna kundi halisi: memba wote x wanaoheshimu e kama 1 yao (ex = xe = x) na ambao yupo y wa aina hiyohiyo mwenye xy = yx = e. Nusukundi yenye kikomo haikosi idempotenti, kwa sababu ukimzidisha memba yeyote kwa nafsi yake mara nyingi vya kutosha, kipeo kimojawapo kitakuwa idempotenti.

Kwenye vitendo 27 idempotenti ni 10: kile kisichogusa kitu, sita vya umbo la mbili zinajielekea, na vitatu vya kupeleka wote kwa mmoja. Kuzunguka cha kwanza kuna kundi la mipangilio sita. Kuzunguka kila kimoja cha vile sita kuna kundi la memba wawili: chenyewe, na kitendo kinachozibadilisha nafasi zile namba mbili. Kuzunguka kila kimoja cha vile vitatu kuna kundi la memba mmoja. Hesabu: 6 + 12 + 3 = 21. Vimebaki sita visivyo ndani ya kundi lolote, na hivyo ndivyo milolongo yetu. Mlolongo [1,1,2] ukizidishwa kwa nafsi yake unakuwa [1,1,1] na hapo unaingia kundini.

Hii ndiyo njia ya kufanya kazi. Chukua memba a. Zidisha mpaka upate kipeo ambacho ni idempotenti e. Kisha angalia ae, ambaye daima yumo ndani ya kundi la e. Yeye ni a aliyenyang'anywa mkia. Mkia umekwisha kazi yake, na unayemlinganisha ni ae.

Bado kuna makundi kumi, na baadhi ni nakala za mengine. Idempotenti e na f ni wa familia moja wakiwa e = gh na f = hg, na hapo kundi la e linahamia kundi la f kwa kumpeleka x kwa hxg. Hapa fomula ya zamani imerudi mlango wa nyuma: h amesimama palipokuwa na g⁻¹, bila kuwa kinyume cha mtu. Wale sita ni familia moja, wale watatu ni familia nyingine. Chukua kundi moja kutoka kila familia na uhesabu mafungu yake kwa njia ya kawaida: kundi la mipangilio sita lina 3, kundi la wawili lina 2, kundi la mmoja lina 1. Jumla 6, bila kugusa jedwali la kuzidisha.

Kwa vitendo juu ya namba nne utapata 3 + 2 + 1 na mafungu 5 ya mipangilio ya namba nne: 11. Kwa namba tano, 18. Ukitumia maumbo ya mishale ungekuwa na 19 na 47. Tofauti yote hiyo ni mikia.

Mbona tukubali kuitupa mikia? Ukimwakilisha kila memba kwa matriki, jumla ya namba za ulalo mkuu wa UV ni sawa na ile ya VU siku zote. Karakta haiwezi kuwatenganisha wenza wa kugeuza hata ikitaka. Donald McAlister aliandika mwaka 1972 juu ya karakta za nusukundi zenye kikomo, na matokeo yake yanakwenda sambamba na yale ya makundi: karakta inaamuliwa na thamani zake ndani ya yale makundi ya familia, na vitendo vyetu 27 vina karakta sita zisizogawanyika, fungu kwa karakta. Kwenye matriki zenyewe utaona jambo lilelile: U yenye 1 kwenye kona ya juu kulia na sifuri kwingine, V yenye 1 kwenye kona ya chini kulia. UV ni U, na VU ni matriki ya sifuri tupu.

Tahadhari kwa mwenye haraka. Kunyang'anya mkia na kufuata mnyororo wa kugeuza hukubaliana kwenye vitendo vyetu, lakini si kila mahali. Tengeneza nusukundi ya watu wawili, 0 na x, ambamo kila zao ni 0. Kipeo cha x ni 0, basi kwa njia ya mkia x na 0 ni fungu moja. Kwa kugeuza, x anaandikika kama x mara 1 tu, na ukigeuza unapata x yuleyule. Hafiki kwa 0 kamwe. Ukikutana na memba ambaye si zao la yeyote, simama uamue unafuata njia ipi.

Pasipo na kikomo

Mfano mmoja tu, kwa kuwa ni mzuri. Chukua herufi p na q na kanuni moja: popote palipo na pq, futa. Kila neno linaishia na umbo la q kadhaa zikifuatwa na p kadhaa. Hapa pq = 1, lakini qp si 1; ni idempotenti mwingine. Kwa kugeuza, 1 na qp ni wenza! Geuza memba mwenye q tatu na p tano, p zitangulie, kisha ufute: zinabaki p mbili. Kwa mnyororo, kinachosalia ni tofauti kati ya idadi ya p na ya q, hivyo mafungu yanalingana moja kwa moja na namba kamili: hasi, sifuri na chanya. Kundi la namba kamili limetokea lenyewe, na ndani yake, kwa kuwa kuzidisha hakujali nafasi, kila memba ni fungu lake.

Kwa wanaopenda maswali ya je, kompyuta inaweza kuamua: Max Dehn aliliuliza swali la uwenza katika makundi mwaka 1911, sambamba na lile la kujua kama maneno mawili ni memba yuleyule. Katika kundi, anayeweza kuamua uwenza anaweza kuamua usawa pia, maana mwenza wa 1 ni 1 peke yake. Kwenye nusukundi kamba hiyo inakatika. Andrei Markov na Emil Post walionyesha mwaka 1947 kwamba ipo nusukundi ambayo hakuna utaratibu wa kuamua usawa wa maneno yake. Iongezee sifuri, kisha uulize uwenza wa kusawazisha: jibu ni ndiyo kwa kila jozi, swali limejibika bila kazi, na lile la usawa bado halijibiki.

Ukienda kwenye kompyuta

Huhitaji programu maalumu, ingawa mfumo wa GAP una kifurushi cha nusukundi kinachofaa sana kwa kazi kubwa. Mpe kila memba fungu lake mwenyewe. Kisha pita jozi zote (u, v), pamoja na 1 kama haimo, na kila mara unganisha fungu la uv na fungu la vu. Ukimaliza, mafungu yaliyobaki ni ya uwenza wa mnyororo. Kwa vitendo juu ya namba tatu jozi ni 729. Namba nne, 65,536. Namba tano, 9,765,625, na hapo kompyuta ndogo itaanza kuvuta pumzi, basi rudi kwenye hesabu ya idempotenti na familia zao.

Jipime kwa vitendo pungufu juu ya namba tatu: vile ambavyo namba inaweza kukosa pa kwenda, lakini namba mbili hazigongani mahali pamoja. Viko 34. Maumbo ya mishale yawe 10, mafungu ya mnyororo yawe 7. Ukipata 6, umesahau kitendo kisichoipeleka namba yoyote popote. Hicho nacho ni idempotenti, na kina kundi lake la mtu mmoja.